Kompyuta inayodai nywila kila ukisasisha programu: soma dirisha kabla hujaandika

Wiki iliyopita mama mmoja wa Tabata alikuja na MacBook Air ya 2015 aliyoinunua Kariakoo ikiwa imetumika. Tulisalimiana, akaiweka mezani akaniambia, "Fundi, hii mashine inanidai paswedi mpaka nimeichukia. Naijua, naiandika vizuri, inakataa, inauliza tena." Nikamwomba aanze upya mbele yangu, taratibu. Akafungua App Store, duka la programu la Apple, akaenda kwenye masasisho, akabofya kitufe cha kusasisha Numbers, programu ya hesabu na majedwali. Kisanduku kikatokea, na vidole vyake vikakimbilia kibodi hapohapo.

"Mama, usiandike kwanza. Nisomee hapo juu pameandikwa nini."

Akashusha miwani, akasogeza uso. Palikuwa na anwani ya baruapepe yenye jina la Kizungu, imeishia na .co.uk. Akaisoma mara mbili. "Huyu mimi simjui kabisa." Kwa wiki mbili alikuwa akiandika nywila yake, tena sahihi, kwenye akaunti ya mtu aliyeiuza ile kompyuta huko Uingereza. Hata angeiandika mara mia, isingekubali.

Kesi za namna hii napokea nyingi, na karibu zote zinafanana hapo mwanzoni: mtu haoni swali, anaona tu sehemu ya kuandika. Ndiyo maana hatua ya kwanza nawasisitizia wateja wangu ni moja: nani anauliza, na anataka nywila ipi? Kompyuta moja hubeba nywila kadhaa. Ipo ya kuingilia kwenye mashine. Ipo ya msimamizi, yaani mwenye ruhusa ya kuweka na kuondoa programu, na huenda si wewe. Ipo ya akaunti ya duka la programu, kama vile Apple ID, ambayo tangu 2024 Apple wanaiita Apple Account, au akaunti ya Microsoft. Na ipo ya ghala la funguo, mahali ambapo mfumo unatunza nywila zako nyingine zote. Kila moja ina dirisha lake, na maneno ya dirisha hilo ndiyo yatakayokuambia ugonjwa uko wapi.

Dirisha linaonyesha baruapepe isiyo yako

Hii ndiyo kesi ya mama wa Tabata, na kwa hapa Dar ndiyo inayonijia zaidi kwa watu wa Mac, kwa sababu nyingi ya Mac hizi zimefika zikiwa zimeshatumiwa na mtu mwingine.

Chanzo chake ni hiki. Kila programu inayoshushwa kutoka App Store hubaki na risiti ndani yake, inayoonyesha imechukuliwa kwa akaunti ya nani. Ukitaka kuiona kwa macho, nenda kwenye folda ya Applications, bofya kulia juu ya programu, chagua "Show Package Contents", fungua "Contents", utakuta folda inayoitwa _MASReceipt. Programu ikiwa na risiti ya, tuseme, John wa Leeds, masasisho yake yatamdai John nywila, hata kama App Store imefunguliwa kwa akaunti yako. Pages, Numbers, Keynote, iMovie na GarageBand zinasumbua zaidi kwa sababu kuanzia mwishoni mwa 2013 Apple walizitoa bure kwa wanaonunua Mac mpya, na mmiliki wa kwanza akazipokea kwa akaunti yake. Kuwa bure kwa watu wote kumekuja baadaye, Aprili 2017. Kwa hiyo Mac ya miaka ya katikati hapo, kama haikufutwa vizuri kabla ya kuuzwa, inakuja na programu za mwenyewe.

Ukitaka kujua programu zote zenye risiti bila kuzifungua moja moja, fungua Terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, andika mstari huu, kisha Enter:

mdfind "kMDItemAppStoreHasReceipt=1"

Itakupa orodha. Dawa inayojulikana ni kufuta programu yenye risiti ya mtu na kuishusha upya kwa akaunti yako. Mafaili yako hayaguswi. Jedwali ulilotengeneza kwa Numbers linakaa kwenye Documents au iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple), halimo ndani ya programu.

Lakini hapa naomba uwe mwangalifu, maana mafundi wengi tunawaumiza wateja katika hatua hii. MacBook Air ya 2015 inaishia kwenye mfumo wa macOS Monterey, haipandi zaidi. Numbers ya sasa inataka mfumo mpya kuliko huo. Ukishaifuta ile ya zamani na akaunti yako haijawahi kuichukua Numbers hata siku moja, App Store itakuambia tu kwamba mfumo wako ni wa zamani, na utabaki huna chochote. Mama wa Tabata anauza vitenge, na hesabu zake za madeni zote zimo kwenye Numbers. Ningefuta bila kufikiri, ningemfungia biashara.

Tulichofanya ni hivi: nina Mac mpya kidogo pale mezani. Nikamwambia aingie mwenyewe kwenye App Store ya mashine yangu kwa akaunti yake, App Store peke yake, bila iCloud. Akaichukua Numbers pale. Sasa kwenye kumbukumbu za akaunti yake Numbers imeshaandikwa kuwa ni yake. Akatoka kwenye mashine yangu. Kisha kwenye Air yake tukafuta Numbers ya yule Mwingereza, tukabofya jina lake chini ya App Store, tukaiona Numbers kwenye orodha ya alivyowahi kuchukua, tukabofya kushusha. Mfumo ukauliza kama anakubali toleo la mwisho linalofaa mashine yake. Akakubali. Ikashuka, ikafungua faili la madeni kama lilivyokuwa. GarageBand na iMovie hazitumii, tukazifuta moja kwa moja.

Wakati mwingine umeshafuta programu na App Store bado inaidai nywila ya John. Angalia kama kuna diski ya nje imechomekwa yenye nakala ya mfumo wa zamani. App Store hutafuta programu kwa kutumia orodha ya Spotlight, kitafutaji cha Mac, na Spotlight inapekua hadi diski za nje. Ichomoe kwa utaratibu, funga App Store, ifungue tena.

Kama Mac ndiyo kwanza umeinunua na haina kitu chako ndani, usihangaike na programu moja moja. Futa kila kitu uweke mfumo upya. Mashine zenye chipu za Apple, au zenye chipu ya ulinzi ya T2, kuanzia macOS Monterey zina chaguo la "Erase All Content and Settings". Za zamani unaziwasha huku umeshika Command na R. Kazi hii hula gigabaiti kadhaa za intaneti, hivyo usiianze na bando la siku. Na kwa anayeenda Kariakoo kesho: usitoe hela mpaka umeiona mashine ikiwaka kwenye ukurasa wa kukaribisha mtumiaji mpya, umeiunganisha na intaneti ya simu yako palepale dukani, na umeingia kwa akaunti yako bila kudaiwa ya mtu mwingine. Muuzaji mkweli atakusubiri hizo dakika.

Baruapepe ni yako, nywila ni sahihi, ila swali linarudi

Hapa vyanzo ni vingi, na mimi huanza na vile visivyo na gharama.

Kibodi kwanza. Laptopu nyingi za HP, Dell na Lenovo zinazouzwa hapa zimetoka Uingereza, zina kibodi ya Kiingereza cha kule, lakini Windows imewekewa mpangilio wa Marekani. Herufi ziko palepale, ila alama mbili zimebadilishana viti: kwenye mpangilio wa Uingereza, Shift na 2 hutoa alama ya kunukuu, na ile @ iko upande wa kulia karibu na Enter. Kwenye mpangilio wa Marekani ni kinyume chake. Nywila yako ikiwa na @ ndani, unaibofya kama ilivyochorwa kwenye kitufe, mfumo unapokea kitu kingine, na wewe unaona nukta tu. Fungua Notepad, hakikisha hakuna anayechungulia, iandike nywila mle uione kwa macho, kisha ifute. Ikitoka tofauti, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi (Space) ubadilishe mpangilio, au uongeze ule unaofanana na kibodi yako kwenye mipangilio ya lugha. Nimeona mtu amebadilisha nywila mara nne kwa ajili ya jambo hili, na kila mpya aliitia @.

Saa ndiyo inayofuata. Kompyuta za mezani zina betri ndogo ya duara kwenye bodi, CR2032, inayotunza saa umeme usipokuwepo. Ikifa, kila umeme unapokatika mashine huamka ikiamini ni mwaka wa zamani. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na kuisha. Mashine inayodhani ni 2015 itaona cheti cha leo bado hakijaanza kutumika, itakataa mazungumzo na seva, na kuingia kwenye akaunti kutashindikana. Wewe unachoona ni dirisha linarudi au kosa lisiloeleweka. Betri yenyewe ni kitu cha bei ndogo, ibadilishe.

Kuna steshenari moja ambako nilikuta mwenyewe amechoka kurekebisha saa, akawa anaiweka kwa mkono kila asubuhi. Saa mbili asubuhi yeye akaandika 2:00. Kwetu ni sahihi kabisa, ila kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo mashine ilikuwa nyuma kwa saa sita. Kwenye ofisi yenye seva ya Windows tofauti hiyo inatosha kukufungia nje, maana mpaka unaovumiliwa kwa kawaida ni dakika 5. Usiweke kwa mkono. Nenda "Date & time", washa "Set time automatically", kisha bofya "Sync now". Kwenye orodha ya kanda za saa usiitafute Dar es Salaam, haimo. Chagua ile ya UTC+03:00 iliyoandikwa Nairobi. Kwenye Mac unaweza kuuchagua mji wetu.

Vipi kuhusu bando? Likiisha katikati, au ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli inayotaka kwanza ukubali masharti kwenye kivinjari, ombi lako la kuingia haliifikii seva. Fungua tovuti yoyote uone kama inafunguka, ndipo urudi kwenye nywila.

Kisha kuna namba sita za uthibitisho. Zikitumwa kwenye laini uliyoiacha zamani, huwezi kukamilisha, na mfumo utakurudisha mwanzo kila mara. Suala hilo linamalizwa kwenye akaunti yenyewe, kwa kuingia kwenye kifaa kingine ambacho bado kinakubalika na kuongeza laini unayoitumia sasa. Fanya hivyo kabla laini ya zamani haijafungwa, sio baada.

Kama hayo yote yako sawa, toka kwenye duka la programu kabisa, zima mashine, iwashe, ingia upya. Kwa Microsoft Store, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika wsreset.exe, Enter. Dirisha jeusi litakaa kidogo kisha duka litafunguka likiwa limesafishwa kumbukumbu zake za muda.

Dirisha linataja "login keychain"

Hii huwachanganya watu sana, maana madirisha huja mfululizo kama mvua: programu hii inataka kutumia keychain, ukifunga, nyingine, ukifunga, nyingine. Keychain ni ghala la funguo la Mac, na kwa kawaida hufunguka lenyewe ukishaingia kwa sababu nywila yake ni sawa na ya kuingilia. Msimamizi akikubadilishia nywila ya kuingilia, mathalani fundi wa ofisi baada ya wewe kuisahau, ghala linabaki na ile ya zamani. Wewe unaandika mpya, ghala linasubiri ya zamani.

Kwa hiyo jaribu nywila yako ya zamani. Ikikubali, fungua Keychain Access (kwenye mifumo mipya itafute kwa Spotlight), na ubadilishe nywila ya "login" ifanane na ya sasa. Ukiwa huikumbuki kabisa, mipangilio ya Keychain Access ina "Reset Default Keychains". Itanyamazisha madirisha, lakini nywila ulizokuwa umetunza ndani ya ghala hilo hutazipata tena. Usiibofye kwa hasira. Kwanza hakikisha unaweza kuingia kwenye baruapepe yako kwa njia nyingine.

Na kama dirisha linakubali nywila lakini kesho linarudi kwa programu ileile, huenda unabofya "Allow". Hiyo ni ruhusa ya mara moja. Programu ukiijua na kuiamini, bofya "Always Allow".

Inadai nywila ya msimamizi

Kwenye Windows skrini hufifia na kisanduku huuliza kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko kwenye kifaa. Ulinzi huu ulianza na Windows Vista. Mwenye akaunti ya usimamizi huulizwa ndiyo au hapana tu. Mwenye akaunti ya kawaida huambiwa aweke nywila ya msimamizi. Kwa hiyo ukiulizwa nywila kila mara, akaunti yako ni ya kawaida, na kwa mashine ya ofisi hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mpigie mtu wa kompyuta wa ofisi. Kuna wanaokushauri uzime ulinzi huo usipate kero: mimi siufuniki wala siuzimi kwa mteja yeyote, hata akiniomba, kwa sababu ni mmoja wa milango inayogongwa kabla virusi havijaingia.

Kama kisanduku hutokea kila ukiwasha mashine, soma jina la programu. Mara nyingi ni kisasishaji cha programu ya zamani ambayo huijui na huitumii. Iondoe kwenye orodha ya Apps na kero itakwisha nayo.

Kwenye Mac, programu isiyotoka App Store, kama kivinjari au kicheza video, ikikudai nywila ya msimamizi kila toleo, huenda iliwekwa na akaunti nyingine ya mashine hiyohiyo, ya mwenye zamani au ya mtoto. Ifute, ishushe kutoka tovuti ya watengenezaji, iburute wewe mwenyewe kwenda Applications. Wengine huiendesha programu ikiwa bado ndani ya faili la dmg (kifurushi ilichoshushwa nacho) au kwenye Downloads; hapo haiwezi kujisasisha vizuri hata ukiipa nywila.

Ubuntu

Huu ni mfumo wa kompyuta unaotumika badala ya Windows; watumiaji wake ni wachache lakini wananiuliza. Ukiandika sudo, amri ya kufanya kazi kama msimamizi, kwenye terminal, kwa matoleo mengi nywila haionekani hata kwa nyota, watu wanadhani kibodi imekufa. Andika tu, Enter. Mfumo utakumbuka kwa dakika 15, kisha utauliza tena. Hilo si tatizo. Kinachosumbua kweli ni ghala la funguo kukudai nywila kila ukiwasha mashine, na chanzo ni kuruhusu mashine iingie yenyewe bila kuuliza: ghala halikupata nywila ya kufungulia. Zima kuingia huko kwa moja kwa moja.

Dirisha lisilo la mfumo

Nimeliacha mwisho lakini ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Tangu 2023 inazunguka programu haribifu ya Mac inayoitwa Atomic Stealer. Ikishaingia, mara nyingi kupitia programu za kulipia zinazogawiwa bure, hutoa kisanduku kinachofanana na cha mfumo, kikisema kinahitaji nywila ili kukamilisha usakinishaji. Unachoandika hupimwa palepale, na ukikosea kisanduku kinarudi, mpaka uandike ile ya kweli. Nayo ikiipata, inabeba ghala lako la funguo pamoja na nywila za vivinjari. Mtu aliyezoea kudaiwa nywila mara kumi kwa siku na kuziandika bila kusoma, huyo ameshawaandalia kazi.

Dirisha likija na hukuwa unasasisha chochote, bofya "Cancel". Likirudi, zima Wi-Fi. Kisha nenda mwenyewe "System Settings", "General", "Software Update", uone kama kweli kuna sasisho linalosubiri. Na tovuti yoyote inayokwambia unakili mstari na kuubandika kwenye Terminal ili "kurekebisha" jambo, ifunge.

Kama umeshaandika, usianze kujilaumu, kimbiza muda. Kata intaneti kwenye mashine hiyo. Chukua kifaa kingine, badilisha nywila ya baruapepe kwanza kwa sababu kupitia hiyo hubadilishwa nyingine zote, kisha Apple au Microsoft, kisha benki, na uziondoe akaunti zote kwenye ile mashine kwa mbali. Wapigie benki uwaeleze. Mashine yenyewe ilete kwa fundi ikiwa imezimwa, nakili nyaraka zako tu, usinakili programu hata moja, kisha ifutwe yote iwekwe mfumo mpya.